Mbega A-WA, Mkondekonde U-I

Kwenye mazishi ya Mama Anaeli, mwezi uliopita, kijana mmoja wa ukoo alisimama na kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto, aliimba kwaya ya akina mama mpaka sauti ilipokataa. Kisha akasoma, "Alimuuguza mumewe kwa uvumilivu mkubwa," akageuza karatasi, akaendelea na habari za wajukuu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai na ushungi wangu, magoti yananiuma kwa baridi ya huko juu mlimani, na nikajikuta nimesema kwa sauti, "Uvumilivu wapi?" Mama aliyekaa jirani yangu akanigeukia. Nikajidai nakohoa. Lakini moyoni niliudhika kweli, na nimeudhika mpaka leo ninavyoandika. Niliishi nyumbani kwa mama yule mwaka mzima nilipokuwa msichana. Nimeona huruma yake, nimeuona ukali wake, nimekula chakula chake mpaka nikanenepa. Uvumilivu sikuuona. Na kwa kuwa kijana yule alikuwa hajazaliwa, na waliokuwepo wengi wametangulia, naona ni juu yangu kuueleza mwaka ule ulivyokuwa.

Nilikuwa fundi wa kuandika mabango, wa Njoro, na watu wa Moshi mjini walishazoea kuniona juu ya ngazi na baibui langu nimelifunga kiunoni, naandika "Duka la Dawa" au "Hapa Tunaziba Pancha". Mwaka ule afisa misitu mmoja, Elisante, alinifuata nyumbani. Kijiji kimoja juu ya Kilema, kule mashamba yanakopakana na msitu, kilitaka kutengeneza njia ya miguu ya wageni, na kando ya njia yawekwe mabango mawili mawili: moja la mti, jingine la mnyama anayeutegemea mti huo. Mgeni asome, alinganishe. Huyu ni wa kundi gani kisayansi na yule ni wa kundi gani, huyu hali yake ya uhifadhi ikoje na yule ikoje. Jozi ya kwanza ilikuwa mkondekonde na mbega. Nilidhani ningekaa huko wiki chache. Mvua zikaanza, mbao zikawa hazikauki, rangi ikawa inatoka malengelenge, na zilipokauka shule nayo ikataka kibao, ofisi ya kijiji ikataka kibao, mpaka nikaona kahawa ikichumwa, ikachanua tena, mimi bado niko huko.

Walinipangia kwa Mzee Eliamani na mkewe. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, mkubwa wao Anaeli akiwa Dar es Salaam, kwa hiyo nilipewa chumba kilichokuwa stoo, kati ya jiko na sebule. Upande mmoja ulikuwa na magunia ya kahawa, upande wa pili kitanda changu, na chini ya dirisha nikapanga makopo ya rangi na chupa ya tapentaini. Hata sasa nikisikia harufu ya tapentaini nasikia na ya kahawa mbichi, na ya moshi wa kuni, na ya ng'ombe wawili waliofungwa nyuma ya ukuta. Siku ya kwanza, nilipomaliza kuwaamkia shikamoo, Mama Anaeli aliniangalia ushungi, akauliza, "Nyama yenu inachinjwa na nani?" Nikamweleza. Akamkamata jogoo, akamtia kwapani, akashuka naye hadi kwa Mwislamu mwenye duka barabarani akachinjiwe. Tangu siku hiyo hakuna kuku aliyeliwa katika nyumba ile bila kupitia dukani, hata Krismasi. "Wasije wakasema nimemlisha mtoto wa watu haramu," alisema. Alinipikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, alinipikia kiburu cha ndizi na maharage, na Mzee alipokaa na kata yake ya mbege, pombe ya ndizi, mimi nilipewa kikombe cha maziwa mgando, eti nisikae mikono mitupu mtu mzima anapokunywa.

Mzee Eliamani alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kuzunguka mgombani na panga tangu asubuhi. Mimi aliniita Fundi, na siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililolisikia kwake. Wao wawili walizungumza Kichagga, nami sikuwa naelewa zaidi ya salamu. Lakini ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, na nikaanza kugundua jambo. Wakiwa wanaongea mambo ya kawaida, ng'ombe, kanisa, bei ya mbolea, ilikuwa Kichagga mwanzo mwisho. Ugomvi ukianza, Mama anageuza Kiswahili. Mwanzoni nilidhani ni bahati tu. Baadaye nikaelewa kwamba alifanya makusudi. Alitaka shahidi.

"Hospitali ni hapo chini Moshi, siyo Ulaya," nilimsikia akisema jioni moja, mimi nimekaa kitandani naosha brashi.

Mzee akajibu kwa Kichagga, maneno machache.

"Unakaa chooni mpaka chakula kinapoa. Unatoka umekunja uso. Unadhani sioni?"

Kichagga tena.

"Dawa gani? Mwaka wa pili huu unainywa. Kama ni dawa, mbona hujapona?"

Safari hii Mzee naye akasahau, akajibu kwa Kiswahili: "Nikavuliwe nguo na kijana wa umri wa Anaeli? Sitaki."

Kesho yake jikoni, tukimenya ndizi, Mama aliniambia yote bila kuzunguka. Mzee alikuwa hakojoi vizuri. Mkojo ulikuwa unakuja kwa shida, kidogo kidogo, na sasa ulianza kumletea maumivu ya kiuno. Alikuwa akijitibu kwa gome la mkondekonde. Mti wenyewe ulikuwa juu kabisa ya kihamba chao, shamba la ukoo, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza, mkubwa kiasi kwamba watu wawili wasingeweza kuukumbatia. Alikuwa anaubandua gome kwa panga, analichemsha, anaweka kwenye chupa ya chai na kunywa kutwa. Si kwamba lilikuwa jambo la kijinga. Elisante mwenyewe aliwahi kuniambia gome lile linasafirishwa mpaka Ulaya kutengenezewa vidonge vya maradhi hayo hayo. "Ila gome haliwezi kumwambia ana nini," alisema Mama Anaeli, huku utomvu wa ndizi umeifanya mikono yake myeusi. "Kama ni uvimbe wa kawaida au ni ile nyingine. Mimi nataka ajulikane ana nini, nijue moja." Nilielewa ile nyingine ni nini. Hakuna aliyetaka kuitaja.

Sasa nirudi kwenye kazi. Elisante alikuwa ameniandikia kwenye karatasi majina ya Kilatini, familia na oda, kila kitu herufi kwa herufi ili nisikosee. Palipoandikwa "Himaya" na "Ngeli" aliacha wazi. "Hayo jaza mwenyewe, ni mambo ya shule," aliniambia akipanda pikipiki. Himaya haikunisumbua: Mimea, Wanyama. Na ngeli, jamani, nani aliyesoma Kiswahili asiyejua ngeli? Somo lile nilikuwa nalipenda sana. Mbega anakuja, mbega wanakuja. Mkondekonde unaota, mikondekonde inaota. Nikapiga mstari kwa chaki, nikachora herufi zangu nzuri kuliko nilizowahi kuchora, nyeupe juu ya kijani: NGELI: A-WA. NGELI: U-I. Niliona hata mabango yanapendeza yakiwekwa pamoja.

Kwenye hali ya uhifadhi ndipo nilipokwama, maana karatasi ilikuwa na neno la Kiingereza nisilolipatia Kiswahili chake. Nikamuuliza Mama Anaeli, "Mgonjwa ambaye hajafikia mahututi, lakini hawezi kuruhusiwa kwenda nyumbani, hospitali wanamwitaje?" Akafikiri. "Wanasema anaangaliwa," akajibu. Nikalipenda neno hilo. Kwa hiyo mkondekonde ukawa HALI: UNAANGALIWA, na mbega HALI: ANAANGALIWA.

Mabango yalisimikwa asubuhi moja ya jua chini ya mkondekonde wa Mzee, kwa sababu njia ya wageni ilipita ukingoni mwa kihamba kile kile. Watu kadhaa walikuja, mwenyekiti wa kijiji, akina mama waliokuwa wanatoka kukata majani ya ng'ombe, na mbega wenyewe walikuwepo, familia nzima, wamekaa juu matawini na mikia yao myeupe inaning'inia, wanatafuna. Elisante akasimama mbele ya bango, akaanza kusoma kwa sauti ya mkutano. "Mbega. Himaya, Wanyama. Ngeli..." Akasogea karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka machozi. "Fundi," alisema alipoweza kusema, "ngeli ya sayansi. Mamalia. Siyo ya sarufi." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu wote walicheka, hata ambao sidhani kama walijua wanacheka nini, na aliyeniokoa alikuwa Mzee Eliamani, aliyekuwa amesimama nyuma na panga lake. "Kwani amekosea nini?" akauliza. "Mbega anakula. Mti unaliwa. Mnataka wageni waambiwe nini zaidi?"

Elisante alikuwa mtu mwema. Aliinuka, akanieleza pale pale bila kunidhalilisha, na kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza akawaeleza na wao. Kwamba mbega na sisi ni ngeli moja, na oda moja pia. Kwamba mkondekonde ni wa familia ya mawaridi, wakacheka tena, maana hakuna aliyeuona ukifanana na waridi hata kwa mbali. Ndipo Mama Anaeli akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na kati ya hawa wawili, nani hali yake mbaya zaidi?" Elisante akakuna kichwa. Mti, alisema, uko hatarini, hilo halina ubishi, kila mahali unabanduliwa gome. Mbega ni suala jingine. Wataalamu hawajakubaliana ni wa aina gani. Wako wanaosema huyu wa Kilimanjaro ni mmoja tu na wale wa Kenya na Ethiopia, na ukimhesabu pamoja nao wako wengi, hakuna cha kukukosesha usingizi. Wengine wanasema huyu wetu ni wa peke yake, na ukimhesabu peke yake, basi na yeye yuko hatarini. "Kwa hiyo inategemea umemhesabu na nani," akamalizia. Mama Anaeli alikuwa haangalii mbega tena. Alikuwa anaangalia shina la mti, pale gome lilipobanduliwa, kidonda chekundu kilichokuwa kimezunguka karibu shina zima.

Baada ya mazishi niliomba nipelekwe kule juu nikauone. Mabango hayapo, mvua zilishayamaliza zamani, hata njia yenyewe sikuitambua vizuri. Mti upo. Pale penye kidonda gome jipya limekuja nene na kukunjamana, na upo mkanda mmoja mwembamba, kama upana wa kiganja changu, ambapo gome ni lile lile la zamani, laini. Mjukuu aliyenisindikiza hakujua ni kwa nini naupapasa mti, na sikumwambia. Sehemu ile ilibaki kwa sababu ya ugomvi uliotokea siku chache baada ya sherehe ya mabango, asubuhi, mimi nikiwa nimepiga magoti mbele ya bango la mbega narekebisha kosa langu. Nilikuwa nimeshafuta A-WA kwa rangi ya kijani, imekauka, na naandika MAMALIA. Mzee akaja na panga. Kabla hajafika kwenye shina, Mama Anaeli akatokea kwenye migomba, anahema, kitenge kimemlegea.

"Weka panga chini."

"Nachukua kidogo tu."

"Kidogo ulichukua juzi. Leo ukichukua hapo pande mbili zinakutana. Mti ukishazungukwa haupandishi maji, unakufa. Na wewe utakufa. Mimi nitabaki na kuni."

Mzee akaniangalia. "Fundi, ziba masikio."

"Asizibe. Ndiyo maana nasema Kiswahili."

Mzee akasema, taratibu, kama mtu aliyelirudia neno hilo mara nyingi, kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wote, baba yake aliupata, baba zake wadogo waliupata, aulizwe yeyote. Na hapo Mama akasogea mpaka akawa kati yake na mti. "Wazee wote," alisema. "Umemsikia Elisante. Ukimhesabu mbega na wenzake wa Kenya, hana shida. Sawa. Mimi sikuolewa na wazee wote. Wakipona, wapone, wakifa, wana wake zao. Mimi ninaye mmoja." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitenge, akaendelea. "Huu mti ungekuwa na miguu ningekuwa nimeshaupeleka hospitali kabla yako. Hauna. Wewe unayo. Umeandikwa A-WA, unatembea."

Sijui kama ni maneno hayo au ni kule kulia. Mzee akasema jambo ambalo siku zote zile, kwenye ugomvi wote niliousikia ukutani, hakuwahi kulisema, wala halikuhusu aibu ya kuvuliwa nguo. Alisema, "Naogopa. Wakiniambia ni ile?" Akaongeza, "Wasiponiambia, sina."

Mama Anaeli, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikaa tu chini, kwenye majani yenye umande, na Mzee akaweka panga akakaa pembeni yake, na mimi nikabaki nimeinua brashi, sijui nitazame wapi, rangi inanidondokea mkononi. Nililia, sitaficha. Nilikuwa msichana, na nilikuwa sijawahi kumsikia mwanamume mzima akisema anaogopa. Tulikaa hivyo mpaka Mzee akainua uso, akalitazama bango langu. Nilikuwa nimefika nusu ya neno. Lilisomeka: MBEGA. NGELI: MAMA.

"Fundi," akasema, "na hiyo nayo ni ngeli gani?"

Alianza kucheka Mama, akiwa bado analia, halafu Mzee, halafu mimi, na tulicheka mpaka mbega wakahama mti. Mzee aliponyanyuka alimpa mkewe panga alishike. "Jumatatu tutashuka," akasema.

Walifikia kwetu Njoro, wakaja na mkungu wa ndizi na kuku aliyekwisha kuchinjwa dukani, Mama akatangaza hilo kabla hata hajaketi. Mjomba wangu Hamisi, aliyekuwa fundi seremala na mtu wa maneno mengi, alimchukua Mzee wakakae barazani peke yao. Mjomba alikuwa ameshapita njia hiyo hiyo, na alivyokuwa hana haya alimweleza kila kitu, wanashika wapi, wanauliza nini, mpira unaingizwa vipi, na sisi jikoni tukawa tunageuza wali kwa kelele ili tusisikie. Mama Anaeli alisikia. "Mungu ambariki mjomba wako," aliniambia, "lakini apunguze sauti." Asubuhi Mjomba akavaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa, akampeleka Mzee hospitali mkono kwa mkono. Wakampima, wakachukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara, wakasema arudi kwa majibu. Siku za kungoja majibu Mzee alizipitisha kwenye karakana ya Mjomba, akipiga randa mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa randa. Mama alipika. Alipika kana kwamba Njoro nzima ina njaa, na hakugombana na mtu yeyote, na hilo ndilo lililonitisha.

Siku ya majibu tulikwenda sote wanne. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa umejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi, wauguzi wanapita na mafaili, na kwenye dirisha dogo la mbele mtu anaita majina. Mzee aliingia kwa daktari peke yake, alitaka hivyo. Mama Anaeli alikaa ameshikilia kapu la chakula mapajani, midomo inatembea bila sauti. Mlango ulipofunguliwa, Mzee alitoka taratibu, kofia mkononi, akaja mpaka mbele yetu. "Si ile," akasema. "Ni uvimbe tu. Watanipasua wiki ijayo, halafu basi. Daktari mwenyewe kijana, umri wa Anaeli kabisa."

Mjomba akasema alhamdulillahi. Mimi nikashika kifua. Mama Anaeli akaweka kapu chini, akasimama, na kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, kwa Kiswahili, akamwambia mumewe: "Mwaka wa pili huu umenifanya mjane na wewe uko hai. Kila nikikupikia mtori nilikuwa naangalia sufuria gani itatosha matanga yako. Nilishachagua. Unanisikia? Nilishachagua sufuria." Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama. Nilidhani Mzee ataona aibu, maana ndiyo aliyoiogopa mwaka wote ule, kuonwa na watu. Akamtazama mkewe, akasema, "Pole, Aikande." Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lake hilo. Mama akakaa, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na Mzee akakaa pembeni yake akamshika mkono, mbele ya wote wale. Dirishani wakaita, "Eliamani." Wakaita tena. Mjomba akamgusa bega kumwonyesha kwamba anaitwa, na Mzee akatikisa kichwa kwamba amesikia, lakini mkono hakuuachia.